Midomo Mia Mbili na Kumi na Miwili

Barua haikuwa ndefu. Vendelín aliisoma kwa kusimama,
miwani ameipandisha kwenye paji la uso,
maana aliiandika yeye na kila neno alikuwa nalo kichwani:
miaka kumi na mmoja, filamu nne, na sasa
kila mmoja ashike njia yake.
Ni sisi tuliovunja, alisema. Mkumbuke hivyo,
wasije wakadai tulifukuzwa.

Mimi nilikuwa nimeushika mkia wa Ctibor.
Sekunde ya tatu ya kuogelea, picha ya sitini na nane,
na mkia wa fisimaji hausubiri habari:
ukiuachia katikati ya wimbi, wimbi linakufa.
Nikausogeza upana wa ukucha. Nikapiga picha.
Ndipo nikauliza: na huyu?

Bomba la mvuke likakohoa ukutani.
Nje, theluji ya Zlín ilikuwa imefika kwenye vioo vya magari.

Ukurasa wa kumi na tisa,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
fisimaji, jina lake, kicheko chake, kivuli chake
ni mali ya msambazaji
katika ulimwengu wote, uliopo na utakaogunduliwa.
Hata kwenye Zohali, basi, hatuna haki ya kumtoa maji puani.

Walitulisha, hilo sikatai.
Mkono mtupu haulambwi, na wao mkono wao ulijaa.
Lakini kila mwezi yalikuja maagizo.
Ukungu upunguzwe. Acheke mapema zaidi.
Na bibi yake asife; watoto wa Ohio
hawapendi bibi afe.
Tukamfufua bibi, picha baada ya picha,
siku arobaini,
kwa mikono ileile iliyokuwa imemzika.
Sidhani kama kuna aliyeona kwenye sinema
jinsi alivyoinuka kitandani bila kutaka.

Februari akaja Bwana Pruitt, na orodha, na glavu nyeupe.
Mafisimaji kumi na saba, mmoja hana mguu.
Mto wa gundi na mchanga, mita sita.
Boti la kadi. Mwezi, na waya wa mwezi.
Kisha akafungua visanduku vya Květa,
midomo midogo kama dengu, kila mmoja na sauti yake:
mdomo wa a, mdomo wa o, wa kupiga mluzi,
wa kusema uongo kwa adabu.
Mia mbili na kumi na miwili, orodha ilisema.
Akahesabu. Mia mbili na kumi na mmoja.
Akahesabu tena, akisogeza kwa kibanio,
na Vendelín akaitazama dari kana kwamba inavuja.
Květa akapiga magoti akatafuta chini ya meza,
kwa bidii ya mtu asiyejua, maana hakujua.

Ni upi? aliuliza Pruitt.
Wa m, nikasema. Uliofungwa.
Ule wa kunyamaza?
Ule wa kunyamaza.
Alinitazama kidogo. Alikuwa na mafua,
na ndege yake iliondoka Brno saa kumi na mbili jioni.
Akaandika: umechakaa, umetupwa.

Makasha kumi na moja yakashuka ngazi.
Rafu zikabaki na vumbi, na katikati ya vumbi
nyayo safi za vitu ambavyo havikuwahi kutembea
ila tulipovitembeza.

Usiku ule nilichemsha viazi.
Kimoja sikukila.
Nilikiweka kwenye sahani, nikatoa leso mfukoni,
nikaukunjua ukingo wake taratibu,
nikakibandika mdomo.
Kikaninyamazia, vizuri kabisa, kama anayejua mengi.
Nikazima taa ya dari. Nikaleta ya kusomea,
kushoto kidogo, chini kidogo, hapo.

Picha ya kwanza.